Panya wa Mongolia na matende ya Pangani: Bibi Maabara anajibu barua zenu

Toleo lililopita niligusia kwa ufupi jerbili, yule panya mdogo wa jangwani anayefugwa maabara. Barua zilizokuja zimenifurahisha, kwa sababu karibu zote zinauliza jambo moja la maana: mnyama huyu anahusika vipi na maradhi ya watu wetu? Nimechagua chache. Kwa msomaji mgeni, mimi ni fundi sanifu wa maabara mstaafu, mzaliwa wa Pangani. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika nyumba ya wanyama ya chuo kimoja cha utafiti wa magonjwa ya nchi za joto huko Uingereza, nikilisha jerbili, nikisafisha vizimba vyao na kujaza kadi zao.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba jerbili ndiye yule panya wa Morogoro anayenusa mabomu. Nimewakatalia, ila sikuwa na la kuwaeleza zaidi. Huyu ni mnyama gani, na alifikaje maabara?
— Mwalimu, Korogwe

Marahaba Mwalimu. Umewakatalia kwa haki. Wale wa Morogoro, wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, ni panya buku. Panya buku hufika kilo moja na zaidi, na mkia wake mrefu hauna manyoya. Jerbili anakaa kiganjani. Uzito wake ni gramu 60 hadi 100 hivi, rangi yake ya mchanga, na mkia umefunikwa manyoya mpaka kwenye ncha, ambako kuna kishungi cheusi. Akishtuka hupiga chini kwa miguu ya nyuma, haraka haraka, na wenziwe wote wakakimbilia mafichoni. Kwa kuwa ni mnyama wa nchi kavu, hukojoa matone tu. Maranda ya kizimba chake hayanuki upesi kama ya panya wengine, na sisi watunza wanyama tulimpenda kwa hilo.

Kwao ni Mongolia na kaskazini mwa China. Mwaka 1866 padri Mfaransa, Armand David, aliwatuma wachache kwenye jumba la makumbusho ya viumbe mjini Paris, na mwaka uliofuata Alphonse Milne-Edwards akawaandika katika sayansi. Leo wanaitwa Meriones unguiculatus. Mwaka 1935 jozi 20 zilinaswa katika bonde la mto Amur zikapelekwa Japani. Mwaka 1954 Victor Schwentker akaagiza jozi 11 kutoka Japani hadi shamba lake la wanyama wa maabara katika jimbo la New York. Kati ya hao 22, waliozaa ni tisa tu: majike watano na madume wanne. Jerbili wengi wa maabara za Marekani na Ulaya ni uzao wa hao tisa.

Waambie wanafunzi walishike hilo, maana lina uzito. Watafiti wa nchi mbalimbali wanaposema wamepata jibu lile lile kwa jerbili, mara nyingi wamemuuliza ndugu yule yule. Na jamaa zake wa porini wapo hapa hapa kwetu, wale wenye mkia wa kishungi wanaochimba kwenye nchi kavu za Kenya na Tanzania. Kisayansi ni Gerbilliscus. Lakini huwezi kuchukua matokeo ya yule wa kizimbani ukambandika huyu wa shambani.

Bibi, shikamoo. Mimi ni mjukuu wako wa Pangani. Kwa miaka tumemeza dawa za matende, lakini mguu wa babu haujapungua. Uliandika kwamba jerbili wamechangia tiba ya matende. Panya wa Mongolia anahusikaje na ugonjwa wa kwetu?
— Mjukuu, Pangani

Marahaba mjukuu wangu, na unisalimie wote huko. Barua yako ndiyo iliyonifanya nianze kuandika majibu haya usiku ule ule.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Mguu wake wa kulia ulianza kuvimba akiwa kijana, ukashuka, ukapanda, kisha ukakataa kushuka. Akaacha kwenda baharini, akawa anashona nyavu za wenzake barazani. Kila baada ya miezi michache homa ilimwangusha, mguu ukawaka moto. Watu walisema amerogwa. Kwa hiyo nilipopata kazi katika chumba ambacho minyoo ya matende hukuzwa, sikuiona kama kazi ya kufagia vizimba.

Matende ya pwani yetu yanaletwa na mnyoo mwembamba aitwaye Wuchereria bancrofti. Mbu humwingiza mwilini angali buu. Hukomaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu, na hukaa humo miaka kadhaa huku jike akizaa vimelea vichanga vinavyojitokeza kwenye damu usiku, saa ambazo mbu anauma. Mishipa ikiharibika, majimaji hukwama mguuni. Yakijaa kwenye korodani, hayo ndiyo mabusha.

Sasa ugumu wa watafiti ulikuwa huu. Mnyoo huyu wa kwetu hakubali kukua ndani ya panya wa maabara. Utaijaribuje dawa ya kumuua? Ila ana ndugu zake wa Asia: Brugia malayi, anayewapata watu, na Brugia pahangi wa paka na mbwa. Mwaka 1970 ilichapishwa taarifa kwamba Brugia pahangi akiingizwa kwa jerbili hukomaa mpaka kuzaa. Jerbili akawa makazi ya mnyoo ambaye wanyama wengi wadogo walimkataa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mbu walilishwa damu yenye vimelea vichanga kupitia utando mwembamba uliopashwa joto. Wiki mbili baadaye tuliwapasua chini ya hadubini tukaokota mabuu mmoja mmoja. Mabuu hao walidungwa tumboni mwa jerbili, katika ule uwazi unaouzunguka utumbo. Baada ya miezi mitatu hivi, uwazi huo ulikuwa na minyoo wakubwa walio hai, majike na madume, na vichanga kwa maelfu. Hapo ndipo dawa ilipojaribiwa: kundi moja linapewa, kundi jingine halipewi, halafu minyoo wanahesabiwa. Mimi nilihesabu. Ni kazi ya macho na subira, na kila mnyoo niliyemwona akijipinda kwenye kisahani nilimkumbuka mjomba.

Tangu miaka ya 1970 wataalamu walikuwa wameona, kwa hadubini za elektroni, kwamba ndani ya mnyoo mwenyewe kuna bakteria. Baadaye ilijulikana kuwa ni Wolbachia, na kwamba mnyoo anamhitaji ili aishi na kuzaa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba tetrasaiklini, antibayotiki ya miaka mingi na ya bei nafuu, iliwakinga jerbili dhidi ya Brugia pahangi. Fikiria maana yake. Hatuhitaji sumu ya kumuua mnyoo. Tunamwondolea bakteria wake, naye anakwisha mwenyewe taratibu.

Na hapa ndipo Pangani inapoingia, mjukuu wangu. Jaribio kubwa la wazo hilo kwa binadamu lilifanyika kwenu, katika kijiji cha Kimang'a, likachapishwa mwaka 2005. Watu 72 wenye vimelea walishiriki. Baadhi walipewa doksisaiklini, ndugu wa tetrasaiklini, miligramu 200 kwa siku kwa wiki nane, na wengine vidonge visivyo na dawa. Wala mgonjwa wala mpimaji hakujua nani kapata nini. Miezi 14 tangu kuanza, wanaume walipimwa korodani kwa mashine ya picha za mawimbi ya sauti, inayoweza kumwonyesha mnyoo akicheza ndani ya mshipa. Kwa waliopata dawa, minyoo walionekana kwa 6 kati ya 27. Kwa wasiopata, 24 kati ya 27.

Wavuvi na wakulima wa Kimang'a walijitolea damu yao usiku, wakarudi kupimwa mwezi hadi mwezi, na leo kitabu chochote kizito cha tiba ya matende kinaitaja kazi ile. Sijui kama watoto wa shule za Pangani wanafundishwa hilo. Wafundishwe.

Mbona basi hamkugawiwa doksisaiklini? Kwa sababu ni wiki nyingi za vidonge kila siku, na haipewi wajawazito wala watoto wadogo. Huwezi kuigawa kijiji kizima kwa siku moja. Dawa mlizomeza ni ivermektini na albendazoli, zilizoanza kugawiwa Tanzania katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Hizo husafisha vimelea vichanga kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba, lakini minyoo wakubwa wengi hubaki. Ndiyo maana mligawiwa mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana jerbili bado wanatumika: inatafutwa dawa itakayomwondoa Wolbachia kwa siku chache.

Kuhusu mguu wa babu: dawa yoyote kati ya hizi haiponyi mshipa uliokwisha kuharibika. Lakini mguu unatunzika, na homa zile zinapungua sana. Uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vizuri hasa kati ya vidole, kila kidonda na ukungu utibiwe mapema, na anapokaa uinuliwe. Viatu vya wazi, visivyobana. Na kama ana busha, hilo linapasuliwa. Mpeleke hospitali ya wilaya, asione haya.

Habari za kazi Bibi. Baba yetu alipata kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Kuna muuzaji anatuletea unga wa mizizi na karatasi inasema umethibitishwa maabara, kwamba uliokoa ubongo wa jerbili. Bei yake ni kubwa, lakini tuko tayari. Unatushauri nini?
— Binti wa kwanza, Mombasa

Nzuri mwanangu, na poleni sana. Pesa hiyo msiitoe.

Nitakueleza kwa nini jerbili anatajwa, ili ukimjibu huyo muuzaji ujue unachosema. Ubongo wa binadamu hupata damu kwa mishipa minne, miwili ya mbele ya shingo na miwili ya nyuma. Chini ya ubongo mishipa hiyo huungana kuwa duara, hivyo mmoja ukiziba, mingine inaweza kusaidia. Jerbili amezaliwa bila viungo vya kuunganisha mbele na nyuma. Ubongo wake wa mbele ni kama mtaa wenye bomba moja tu la maji: funga koki, hakuna ndoo itakayojaa. Levine na Payan walilieleza hilo mwaka 1966, na tangu hapo maabara nyingi zikamchukua, kwa kuwa upasuaji wake ni mfupi na hauhitaji kufungua fuvu.

Mwaka 1982 Mjapani Kirino alibana mishipa miwili ya shingo ya jerbili kwa dakika tano, kisha akaiachia. Mnyama aliamka. Seli za eneo moja la ubongo linalohusika na kumbukumbu zilionekana salama siku ya kwanza. Siku ya nne zilikuwa zimekufa. Ugunduzi huo uliwasha matumaini makubwa, na nakwambia kwa dhati ulistahili: kumbe seli haifi papo hapo, kuna muda wa kuiwahi.

Ndipo dawa zikaanza kujaribiwa, nyingi mno, na nyingi zikamwokoa jerbili. Moja ilikuwa MK-801. Taarifa za mwaka 1987 zilionyesha inalinda ubongo wake vizuri. Mwaka 1990 Buchan na Pulsinelli wakafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: walihakikisha joto la mwili wa mnyama halishuki. Ulinzi ukatoweka. Kumbe dawa ilikuwa inampoza jerbili, na ni ubaridi uliokuwa unalinda ubongo. Hiyo ni kweli yenye faida, kwa sababu iliwafundisha madaktari kulichunga joto la mgonjwa. Lakini kama dawa ile ingeuzwa mwaka 1988 kwa karatasi iliyoandikwa "imeokoa jerbili", karatasi isingekuwa ya uongo, na mnunuzi angekuwa ameibiwa.

Tazama pia tofauti. Jerbili wa majaribio ni kijana, mzima, hana presha wala kisukari, mishipa yake yote miwili inabanwa kwa dakika tano na kufunguliwa. Hali hiyo inakaribia zaidi moyo kusimama ghafla kuliko kiharusi cha mzee wako, ambaye mshipa wake mmoja umeziba au umepasuka na kubaki hivyo. Tena mara nyingi mnyama hupewa dawa kabla ya kubanwa mishipa, au dakika chache baadaye. Baba yako amekwisha kupita hapo. Muulize muuzaji kama unga huo uliwahi kupewa wagonjwa wa kiharusi, ukalinganishwa na wasiopewa. Hatakuwa na karatasi ya hilo.

Pesa ile itumieni kwa mazoezi ya viungo, mapema na kila siku, na kwa dawa za presha bila kukatiza hata akijisikia vizuri. Na mkiona tena uso umepinda upande, mkono hauinuki au maneno yanakokoteka, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Shikamoo Bibi. Kwa nini wasitumie panya wa kawaida tu? Wapo wengi na ni rahisi.
— Kidato cha nne, Bukoba

Marahaba. Wanatumia, tena kwa wingi zaidi kuliko jerbili. Jerbili anaitwa pale ambapo panya wa kawaida hana jibu, na masikio ni mfano mzuri. Panya mdogo wa maabara husikia sauti nyembamba za juu, ambazo sisi hatuzisikii kabisa, lakini sauti nzito za chini, zile za mazungumzo ya watu, hazisikii vizuri. Jerbili anazisikia, kwa kuwa chumba cha sikio lake la kati ni kikubwa kuliko umbo lake, msaada mkubwa kwa mnyama wa uwandani anayewindwa usiku na mchana. Kwa hiyo anayechunguza uziwi wa binadamu humwendea yeye. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliotesha seli changa za neva ya usikivu kutoka seli shina za binadamu, zile ambazo bado zinaweza kugeuka seli za aina nyingine, wakazipandikiza kwa jerbili waliofanywa viziwi. Usikivu ulirudi kwa wastani wa asilimia 46.

Tumbo ni mfano mwingine. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, anaweza kuishi ndani ya panya wa kawaida bila kumletea madhara makubwa. Kwa jerbili huleta vidonda, na mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wiki 62 baada ya kuambukizwa, zaidi ya theluthi moja ya jerbili wao walikuwa na saratani ya tumbo, bila kuongezewa kemikali yoyote. Nyumbani kwenu kama kuna mtu anayetuliza vidonda kwa maziwa mwaka hadi mwaka, mwambie akapime bakteria huyo na amalize dozi.

Bibi, huku kwetu Lushoto tauni tunaijua. Nimesikia wazungu wanasema aliyeleta tauni Ulaya zamani ni jerbili, si panya. Ni kweli?
— Mzee wa kijiji, Lushoto

Shikamoo Mzee. Walichosema wataalamu wa Oslo na wenzao mwaka 2015 ni chembamba kuliko vichwa vya habari. Walilinganisha miaka ya milipuko katika bandari za Ulaya na hali ya hewa inayosomwa kwenye duara za miti, zile pete za kila mwaka zinazoonekana shina likikatwa. Wakaona kwamba miaka mizuri kwa wanyama wa Asia ya Kati, masika yenye mvua kisha kiangazi chenye joto, hufuatwa na tauni Ulaya baada ya miaka kama 15. Kwa hiyo wakapendekeza kwamba ugonjwa uliingia mara nyingi kutoka huko, ukisafiri na misafara na meli, badala ya kujificha Ulaya yenyewe ndani ya panya. Ni pendekezo, na wanahistoria bado wanabishana nalo.

Jerbili huyo ni mwingine, yule mkubwa wa Kazakhstan, Rhombomys opimus, ambaye mashimo yake ya ukoo yanaonekana hata kwenye picha za setilaiti. Na kuhusu yeye kuna kazi ambayo naiheshimu kupita maelezo. Tangu enzi za Wasovieti, watumishi wa vituo vya kupambana na tauni walizunguka nyikani karibu na ziwa Balkhash, masika na vuli, wakihesabu mashimo yenye wenyeji na kupima damu na viroboto, kwa miongo. Mwaka 2004 hesabu hizo zilipochambuliwa, ilionekana kwamba mashimo yenye wenyeji yakiwa chini ya theluthi moja hivi, tauni haishiki. Yakizidi hapo, hufuata, wakati mwingine miaka miwili baadaye. Onyo la miaka miwili, Mzee, lililopatikana kwa watu kutembea na kuhesabu. Milima yenu ina panya wengine na hesabu nyingine, lakini nyinyi mnaoona panya wakifa ovyo kabla ya watu kuugua ndio kituo cha kwanza. Watu wasiwashike panya hao kwa mikono mitupu, na zahanati iarifiwe siku hiyo hiyo. Tauni ikiwahiwa kwa antibayotiki inapona.

Assalaam alaykum Bibi. Tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila chakula. Wewe umewafunga hawa maisha yako yote. Huoni vibaya?
— Ummu, Unguja

Wa alaykumu s-salaam. Swali lako ni la haki na sitalikwepa. Jerbili wa maabara huuawa mwisho wa jaribio, wengi wao. Mimi nimewashika wakiwa hai na nimewaondoa wakiwa maiti. Wana tabia zao: huishi wawili wawili kwa muda mrefu, husafishana manyoya, na aliyefiwa na mwenziwe hubadilika, anakaa pembeni.

Ninachoamini ni kwamba mnyama anaweza kutumiwa pale tu ambapo swali ni la lazima, hakuna njia nyingine ya kulijibu, na maumivu yamezuiwa kwa kila kilichopo. Russell na Burch waliliandika hilo kama taratibu tatu mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine, punguza idadi, laza maumivu. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1986, leseni ni tatu: ya mtu, ya mradi na ya mahali. Nilikuwa na haki ya kumwita daktari wa mifugo usiku wa manane, na niliitumia.

Kinachoniuma hasa ni jaribio lililopangwa vibaya. Zile dawa za kiharusi zilizojaribiwa bila kupima joto la mwili: wanyama wale walikufa na swali halikujibiwa. Hapo nasema wazi, ni dhulma. Mnyama akifa ili Kimang'a ipate dawa, naweza kulala. Akifa kwa sababu mtu hakuweka kipimajoto, siwezi. Na nafurahi kwamba sasa watafiti wanajifunza kuwaweka minyoo wa Brugia hai kwenye visahani pamoja na seli, ili dawa nyingi zichujwe huko kabla hazijamfikia mnyama hata mmoja.

Bibi, mwanangu amenunuliwa jerbili. Tulipomhamishia kizimba kipya aliganda, masikio yakacheza, akatetemeka mwili mzima, kisha akawa sawa. Ana kifafa?
— Mama Salma, Maskati

Ndiyo mama, na hiyo pia imemfanya awe mnyama wa utafiti. Katika baadhi ya koo za jerbili, degedege la namna hiyo hurithiwa. Huanza akiwa na umri wa miezi miwili hivi, na huchochewa na mahali pageni, kelele au kushikwashikwa. Wataalamu wa Marekani walizalisha koo mbili mbali mbali miaka ya 1970, moja inayoshikwa na degedege na nyingine isiyoshikwa, ili kupima dawa za kifafa cha watu. Kwa mnyama mwenyewe kwa kawaida hupita baada ya dakika chache bila kumdhuru. Mwacheni, punguzeni mwanga na kelele, msimwagie maji wala kumshika.

Mwambie Salma asimnyanyue kwa mkia kamwe. Ngozi ya mkia wa jerbili huchomoka ikabaki mkononi, na haioti tena. Unyevu wa Maskati nao haumfai. Hewa ikiwa nzito manyoya hushikana na kusimama, basi mwekeni chumba chenye kiyoyozi, mbali na jua la dirishani, na mumpe bakuli la mchanga mkavu wa kuogea. Na kama yuko peke yake, mtafutieni mwenzake wa jinsia moja wangali wadogo wote wawili, mkiwatenganisha kwa wavu siku za mwanzo mpaka wazoeane harufu.